Mtoto ni Amana: Misingi ya Kuzisaidia Familia Zetu Mbele ya Ustawi wa Jamii

Maandishi ya muhadhara wa Ramadhani uliotolewa Durban baada ya Sala ya Tarawehe. Yameandikwa kutoka katika sauti na kupangwa kwa ajili ya ndugu zetu walio ughaibuni.

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote ni zake Mwenyezi Mungu aliyetufikisha katika mwezi huu mtukufu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.



Katika mwezi huu tumekwisha kuzungumzia swaumu, zaka na haki za jirani. Usiku huu tumekusudia kulizungumza jambo ambalo watu wengi hulizungumza kwa kunong'ona: siku afisa wa ustawi wa jamii anapobisha hodi mlangoni kwa sababu ya mtoto. Familia gani itasimama na mama yule? Nani atakwenda mahakamani? Na mtoto, akilazimika kulala nje ya nyumba yake usiku ule, atalala kwa nani?

Tunalizungumza hapa Durban kwa sababu mji huu una historia ambayo haituruhusu kulichukulia jambo hili kwa wepesi. Mwezi wa Agosti 1873, miezi michache baada ya Sayyid Barghash kutia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja, meli ya kivita ya Waingereza ilitia nanga katika bandari hii ikiwa na watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Hadi kufikia 1880 walikuwa wamefikishwa hapa watu mia tano na ushei, wengi wao Wamakua, wanaume, wanawake na watoto. Waliitwa Wazanzibari kwa kuwa walipitia Unguja, ingawa wengi kwao ni bara ya Msumbiji. Serikali ya Natal iliwaweka chini ya afisa aliyeitwa Mlinzi wa Wahamiaji, naye akawagawa kwa waajiri kwa mikataba ya miaka 5.

Tulitafakari jina hilo: Mlinzi. Watu wale walikuwa wametolewa utumwani, na hilo ni jema lisilokanushika. Lakini hakuna aliyewauliza mama zao wako wapi. Hakuna aliyetafuta ukoo wa mtoto. Walipewa ulinzi, wakanyimwa kwao.

Pamoja na hayo hawakupotea. Waumini wa msikiti mkubwa wa Grey Street waliwawekea ardhi pale Kings Rest, kwenye Bluff, nao wakaishi hapo kwa dini yao na lugha yao. Kisha ikaja sheria ya kugawa maeneo kwa rangi. Serikali ya ubaguzi ikahangaika iwaweke katika fungu gani, mwisho ikawaandika kuwa ni "Waasia Wengine", na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikawahamishia Chatsworth, mtaa wa Bayview. Hata leo wapo wazee wa Bayview wanaozungumza Kimakua. Jamaa hii imedumu kwa miaka 150 kwa sababu ililea watoto wake yenyewe: mtoto aliyefiwa na mama alikuwa na khaloo, asiye na khaloo alikuwa na jirani.

Yaliyowapata wazee wetu hayakuwapata wao peke yao. Huko Australia, kuanzia mwanzo wa karne ya 20 hadi kiasi cha 1970, watoto wa wenyeji asilia walichukuliwa kwa nguvu na kulelewa katika taasisi na nyumba za wageni, kwa hoja kwamba ni kwa faida yao. Serikali ya nchi hiyo iliomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008. Kule Canada watoto walipelekwa shule za bweni walikokatazwa lugha za mama zao. Marekani ilitunga sheria mwaka 1978 kuagiza kwamba mtoto wa kabila la wenyeji akiondolewa nyumbani, wa kwanza kufikiriwa ni jamaa zake, kisha watu wa kabila lake, kisha familia nyingine ya wenyeji. Na Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliithibitisha sheria hiyo mwaka 2023. Ulimwengu umejifunza kwa gharama kubwa jambo ambalo dini yetu ililisema mapema: kumwokoa mtoto na kumkata na watu wake ni mambo mawili tofauti.

Kwa hiyo tunataja misingi sita. Atakayesahau yote na ashike mmoja, wa tatu.

Msingi wa kwanza: usalama wa mtoto hutangulia heshima ya familia

Tunaanza na ulio mgumu. Wapo watakaotusikia wakadhani tunataka kuzificha nyumba zetu. Hapana. Mtoto anayepigwa hadi akaumia, anayeingiliwa, au anayeachwa na njaa kwa makusudi ni mdhulumiwa, na dhalimu wake hana stara kwetu, hata akiwa mzee wa ukoo au mwalimu wa chuo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Sheria ya Watoto ya Afrika Kusini, Sheria namba 38 ya 2005, kifungu cha 110, imewataja kwa jina wanaolazimika kutoa taarifa wanapokuwa na sababu za kuridhisha kuamini kuwa mtoto amedhulumiwa hivyo. Wamo madaktari, wauguzi, walimu; na wamo viongozi wa dini. Imamu akijua akanyamaza, amevunja amana mbili, ya Mola wake na ya nchi. Sheria hiyo hiyo inaruhusu baadhi ya mambo ya familia kupelekwa kwenye baraza la wazee, lakini imekataza kabisa baraza hilo kushughulikia tuhuma za kumdhulumu mtoto. Mambo haya hayamalizwi kwa chai na samahani.

Tena, mwezi wa Septemba 2019 Mahakama ya Katiba ilihukumu kwamba mzazi hawezi tena kujitetea kuwa alimpiga mwanawe "kwa kiasi". Wapo waliokasirika. Sisi tunawakumbusha kuwa Anas bin Malik alimtumikia Mtume, rehema na amani zimshukie, kwa miaka 10 akiwa kijana, na kwa ushahidi wake mwenyewe hakusikia kwake hata neno la kuguna.

Msingi wa pili: umaskini si kosa

Mwezi wa Agosti 2010, katika mji wa Tshwane, maafisa wa ustawi wakiwa na polisi waliwachukua watoto waliokutwa barabarani na wazazi wao. Mmoja wa wazazi hao alikuwa fundi viatu aliyekuwa akifanya kazi yake kando ya njia, binti yake yuko pembeni yake. Mwingine alikuwa mama kipofu aliyekuwa akiomba. Hawakuwa wamewatupa watoto wao; walikuwa nao. Kesi ilifika Mahakama ya Katiba, ikatolewa hukumu mwezi wa Januari 2012: mtoto akiondolewa, suala lake lazima lifikishwe mbele ya Mahakama ya Watoto kabla ya kumalizika siku ya mahakama inayofuata, na mzazi na mtoto wawepo kila inapowezekana, ili hakimu atazame kama kuondolewa kule kulikuwa haki.

Fundi viatu yule alihitaji mahali pa kumweka mwanawe saa za kazi. Mama yule alihitaji riziki. Hayo ni mambo ya zaka na sadaka, na ni mambo yetu. Mtoto akichukuliwa kwa sababu nyumba haina umeme, nasi tulipita mlango ule tukielekea kufuturu, basi tutaulizwa sisi kabla ya afisa.

Msingi wa tatu: jamaa kwanza, na jamaa awe tayari

Baada ya umra ya mwaka wa 7 wa Hijra, binti yatima wa Hamza alimfuata Mtume akitoka Makka. Wakashindana watatu kumlea: Ali, kwa kuwa ni binti wa ami yake, Ja'far, kwa kuwa naye ni binti wa ami yake na mkewe ni khaloo wa mtoto, na Zayd, kwa kuwa Hamza alikuwa nduguye wa kuunganishwa naye katika dini. Mtume akampa khaloo, akabainisha kuwa khaloo yuko katika cheo cha mama. Tazameni sura ya kesi ile: walezi watatu, mtoto mmoja. Mashindano yalikuwa ya nani abebe.

Sasa tazameni sheria ya hapa. Kifungu cha 184 kinasema kwamba kabla mahakama haijampeleka mtoto kwa mlezi wa muda, lazima izingatie ripoti kuhusu utamaduni, dini na lugha ya mtoto, na kuhusu kupatikana kwa mtu anayefaa mwenye asili kama hiyo, aliye tayari na anayeweza. Mtoto anaweza kupelekwa kwa mtu wa dini nyingine ikiwa tu wana uhusiano uliokuwepo tayari, au ikiwa hakupatikana kwa wepesi mtu wa asili yake aliye tayari.

Hapo, ndugu zetu, ndipo penye mzigo wetu. Tunalalamika kwamba mtoto wa Kiislamu amelelewa katika nyumba isiyo na swala. Lakini mahakama haiwezi kumpa mtoto khaloo asiyejitokeza. Mlezi hupimwa na afisa, nyumba yake hutazamwa, jina lake huangaliwa katika rejista ya watu wasiofaa kuwa karibu na watoto. Hayo huchukua muda. Na tumesema kesi hufika mbele ya hakimu siku ya mahakama inayofuata. Jamaa atakayeanza kutafutwa usiku ule amekwisha kuchelewa.

Katika Sura ya al-Qasas tunasoma habari za mama yake Musa. Alipomtia mwanawe mtoni, alimwambia dada yake amfuate. Binti yule hakupiga kelele wala hakukimbia. Alifuata kwa mbali, akatazama, na watu wa Firauni waliposhindwa kumpatia mtoto mnyonyeshaji, alijitokeza akawaonyesha nyumba ya kumlea. Akarudi Musa kifuani kwa mama yake. Dada alikuwa na nyumba tayari ya kuitaja, na aliitaja saa ile ile ilipohitajika. Hiyo ndiyo kazi tunayotaka jumuiya yetu iifanye.

Msingi wa nne: jina, dini na lugha ni haki ya mtoto

Sura ya al-Ahzab imetuamuru watoto wa kulea tuwaite kwa majina ya baba zao. Ndiyo maana kafala yetu si sawa na kumwasili mtoto moja kwa moja, jambo ambalo kwa sheria ya hapa huwakata wazazi wa damu. Mlezi wa kafala hulisha, huvisha, hufundisha, hupenda. Wala hafuti nasaba. Mtoto huyo hamrithi, lakini mlezi anaweza kumpa zawadi akiwa hai, au kumuusia ndani ya theluthi ya mali yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, katika ibara ya 20, umeitaja kafala kwa jina lake, na umetaka pazingatiwe mwendelezo wa malezi ya mtoto katika kabila, dini, utamaduni na lugha. Malezi ya muda yanayotolewa na Mahakama ya Watoto hapa Afrika Kusini yanakaribiana sana na kafala: jina la mtoto hubaki lake. Hakuna sababu ya Mwislamu kuyaogopa.

Lakini jina linahitaji karatasi. Kwa sheria ya nchi hii mtoto huandikishwa ndani ya siku 30 tangu kuzaliwa. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hana njia nyepesi ya kuthibitisha ukoo wake siku ya shida. Khaloo anasimama mbele ya hakimu bila cha kuonyesha. Wazee wa Kings Rest waliandikwa na wengine wanavyotaka. Sisi tuwaandikishe watoto wetu kwa majina yao.

Msingi wa tano: familia isikilizwe, na mtoto asikilizwe

Mahakama inaweza kuagiza kikao cha familia, ambapo ndugu hukaa pamoja wakapendekeza njia ya kumaliza tatizo. Familia nyingi hazijui kuwa zinaweza kukiomba. Mama asiyefahamu Kiingereza wala Kizulu aombe mkalimani. Wala asitafsiriwe na mwanawe mwenyewe, kwa kuwa huko ni kumtwika mtoto kesi ya wazazi wake. Na mtoto mwenye umri na akili ya kufahamu anayo haki ya kusema anachotaka, na maneno yake kupewa uzito. Tusimfundishe la kusema. Tumwambie tu kwamba akisema kweli hakuna atakayemchukia.

Na huyo afisa tumpokee kwa adabu. Ni mtu mwenye kesi nyingi na gari moja. Tumwulize jina lake, ofisi yake, namba ya kesi, na tarehe ya mahakama. Anayefunga mlango hujiandikia ripoti mbaya kwa mkono wake.

Msingi wa sita: mwisho wa safari ni kurudi

Amri ya Mahakama ya Watoto kwa kawaida haizidi miaka 2 kabla ya kutazamwa upya. Ni muda wa kutengeneza kilichoharibika. Baba mwenye ulevi apate matibabu. Mama mwenye huzuni ya uzazi apate daktari na mtu wa kumshika mkono. Mtoto atembelewe, asikie lugha yake, siku ya Idi aletwe msikitini. Ukimya wa jamaa katika miaka hiyo ndio unaomfanya hakimu aseme kuwa hana pa kurudi.

Tufanye nini?

Jumuiya inaomba mambo manne kabla ya Idi.

La kwanza, kila nyumba iandike majina mawili ya jamaa watakaompokea mtoto wake ikitokea lolote, na jamaa hao wenyewe waulizwe na wakubali.

La pili, familia tano tu, tunasema tano, zijitolee kupimwa na ofisi ya ustawi kuwa walezi wa muda, kabla hajaonekana mtoto wa kulelewa.

La tatu, wapatikane wanawake na wanaume wawili wawili wa kumsindikiza mzazi mahakamani. Kila mahakama ya hakimu mkazi nchini hapa ni Mahakama ya Watoto pia, na mtu asiye na wakili anaweza kuuliza msaada wa kisheria wa serikali. Anayekwenda peke yake huogopa kuuliza.

La nne, sehemu ya sadaka zetu zitengwe kwa ajili ya bibi wanaolea wajukuu. Mfano wa bibi huyo mnaujua: binti amefariki, baba hajulikani alipo, watoto watatu, pensheni moja. Wengi wao hupokea ruzuku ya mtoto peke yake, na hawajui kuwa tangu 2022 kuna nyongeza kwa jamaa anayelea yatima aliyefiwa na wazazi wote wawili. Tuwasaidie kupanga foleni, kutafuta vyeti vya vifo, na kujaza fomu. Mkono mmoja haulei mwana.

Neno kwa ndugu zetu walio mbali

Ninyi mnaotusoma mkiwa Uingereza, Canada au kwingineko, sheria zenu ni nyingine lakini mlango ni ule ule. Sheria ya Watoto ya Uingereza ya 1989 inaitaka halmashauri izingatie dini, asili, utamaduni na lugha ya mtoto aliye mikononi mwake. Nako, kama hapa, sheria huzingatia walichopewa: pasipo na familia ya Kiswahili iliyojiandikisha kulea, hakuna cha kuzingatia. Jirani yenu Msomali, Mkongo au Mzanzibari mwenye kesi msimseme. Mpelekeeni futari, muulizeni tarehe ya mahakama. Na jamaa walioko Mombasa, Unguja au Tanga wajulishwe mapema, kwa sababu ndugu aliye ng'ambo naye ni jamaa, na anaweza kuandika, kupiga simu na kujitolea.

Mtume wetu alizaliwa baba yake amekwisha kufariki, akafiwa na mama akiwa na miaka 6, na babu akiwa na miaka 8. Alilelewa na Halima, na babu yake Abdul Muttalib, na ami yake Abu Talib. Katika kila mkono aliopita, aliitwa Muhammad mwana wa Abdullah. Naye ametuahidi kuwa anayemlea yatima atakuwa karibu naye Peponi kama vidole viwili vya mkono mmoja.

Karatasi ya kuandikia majina iko mezani pale mlangoni, pamoja na kalamu. Msitoke bila kuipitia.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azikubali swaumu zetu, awarehemu wazee wetu walioletwa pwani hii bila ya mama zao, awahifadhi watoto walio mikononi mwa wasiowajua, aziunganishe nyumba zilizotengana, na atujaalie tuwe tayari siku tutakapohitajiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.